Hansei Kabla ya Kushusha Mlingoti

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi, na maneno mazuri ambayo sehemu yake haikuwa kweli. Mmoja wenu alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kuchimba visima sikuwahi kupoteza shimo. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa na njaa na pilau ilikuwa inapoa. Sasa nina wiki tatu nyumbani Kinyangiri, na maneno yale bado yananiwasha. Nilipoteza shimo. Nilipoteza na nyundo yake na mabomba saba, na nusura nimpoteze na mtu. Naandika mjue ilivyokuwa, na mjue pia neno mnalolitamka kila tunapomaliza kisima, hansei, lilitupataje sisi watu wa Singida na kwa nini hatukulitafutia Kiswahili.

Habari za vyeo sitaandika. Ziko kwenye faili, na anayezitaka ajue faili lenyewe lina panya.

Nilianza kama kibarua. Elimu yangu ni darasa la saba, na kilichonipatia kazi ni mwandiko. Siku ya kwanza nilidhani nitasogezwa karibu na mtambo. Bwana Hirano, fundi mkuu aliyekuja na mradi kutoka Japani, alinipa brashi ya waya, kitambaa na kopo la grisi, akanionyesha mabomba ya kuchimbia yaliyolazwa chini. Yalikuwa ishirini na manne, na kila moja lina meno ya kufungia huku na huku. Nilisugua mpaka jioni. Akaja, akapitisha kidole kwenye bomba la kwanza mpaka la mwisho, halafu akarudi kwenye la tisa na kusema hapa kuna mchanga. Ulikuwepo kweli, kama chembe tatu. Nilikasirika sana. Sikujua kwamba chembe tatu zinatosha kulifanya bomba ligome kufunguka ukiwa umeshafika mita sitini. Ninyi mnaopaka grisi juu ya mchanga mko wawili, na mnajijua.

Bwana Hirano alikuwa mtu mfupi, mkavu, wa miaka hamsini na kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha daftari: sahihi, polepole, kila neno limeoshwa. Aliwaamkia wazee shikamoo bila kukosea, hata wazee waliokuwa wadogo kwake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrekebisha. Hakupandisha sauti kwa mtu yeyote. Alipandisha sauti kwa kompresa, ile mashine ya hewa, peke yake, tena kwa Kijapani.

Mwingine niliyeanza naye ni Jumanne, Mnyaturu wa Sepuka. Mimi Mnyiramba. Tangu siku ya kwanza aliniuliza nani alinifundisha kuvaa viatu, nami nikamwuliza nani alimwonyesha kwamba bomba si mkuki. Tuliendelea hivyo maisha yetu yote. Lakini katika kazi Jumanne alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Alisikia jiwe. Mnajua nyundo iliyofungwa ncha ya mabomba ikiwa kwenye jiwe zima inalia kavu, kama kipande cha reli kinachogongwa shuleni, na ikiingia kwenye jiwe bovu inameza sauti yake. Hilo hata mimi nililijua baada ya mwaka. Jumanne alilijua kwa kiganja, akiwa ameshika liva ya mtambo, kabla sauti haijabadilika. Shida yake ilikuwa kalamu. Alisoma kwa taabu na kuandika kwa taabu zaidi. Kwa hiyo yeye alipewa liva, mimi nikapewa daftari na sanduku la sampuli, na daftari siku zile lilionekana ndiyo heshima. Nililibeba kwapani hata nikienda kuoga.

Shimo letu la kwanza kulimaliza pamoja lilikuwa upande wa Mitundu. Maji yalitoka, watu wakashangilia, na sisi tukataka kushusha mlingoti wa mtambo twende. Bwana Hirano akasema bado. Akatukalisha juu ya mabomba, wote wanane, akasema kwao Japani kazi ikiisha watu hufanya hansei. Kila mtu anajitazama mwenyewe na kusema mbele ya wenzake alichokosea, kisha wanaondoka.

Tukatazamana. Dereva wetu, Mzee Sospeter, alikuwa mzee wa kanisa, na alifurahi. Alituambia hilo ni jambo jema sana na linajulikana, ndiyo toba. Akavua kofia, akafungua kwa sala, halafu akaanza yeye kuonyesha njia. Alikiri kwamba safari iliyopita alikunywa pombe ya mtama huku akiwa amewakataza wengine. Mpishi akakiri kwamba samaki wakavu wa Bwana Hirano, waliosemekana kuibwa na mbwa, aliwatupa yeye kwa sababu ya harufu. Kibarua mmoja akaanza habari ya shemeji yake, tukamzuia kwa ajili ya faida yake. Jumanne, ambaye ni Mwislamu, alisema yeye mambo yake anayamaliza na Mola kwenye msala, hana haja ya kikao. Bwana Hirano alikuwa anaandika yote. Tulipomaliza alisoma daftari lake, akainua uso.

"Na shimo?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa amesema neno kuhusu shimo.

Ilituchukua miezi. Tulipoacha kutubu tulianza kushtakiana kwa adabu. Mtu anasimama anasema kosa lake ni kuwaamini vijana wa kompresa. Bwana Hirano anamwambia hiyo ni ya vijana wa kompresa, yako iko wapi? Tulipoacha kushtakiana tukaanza kujidhalilisha, tukidhani ndiyo anachotaka. Mimi mwenyewe nilisimama siku moja nikasema mimi ni mjinga, sifai. Nilitegemea ataniinua. Akanijibu, "Mjinga hana dawa. Sema mkono wako ulifanya nini, na kesho utafanya nini." Nilikaa chini nikiwa sijapata huruma wala tusi, na sikujua niupeleke wapi uso wangu.

Kilichotushinda zaidi ni hansei ya kazi nzuri. Tulichimba kisima kimoja ambacho maji yaliruka juu kuliko kibanda cha lori. Akina mama walipiga vigelegele, mbuzi akachinjwa, mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba yenye machozi. Na bado Bwana Hirano akatukalisha kwenye mabomba. Mzee Sospeter alininong'oneza kwamba mtu huyu hata harusini atainama kukagua miguu ya meza. Lakini siku ile ndiyo nilianza kuhisi neno lenyewe linakwenda wapi. Kwetu mtu anajichunguza akiwa amepatwa na baya. Yeye alijichunguza akiwa ameshiba nyama.

Nilijaribu kulitafutia jina. Toba haikuwa, kwa sababu hakuna aliyesamehewa. Majuto yanamkalisha mtu chini na hansei ilitusimamisha. Kuomba radhi kunahitaji mtu aliyekosewa, na mara nyingi hapakuwa na mtu, lilikuwepo jiwe tu. Nilipekua Kinyiramba nikakosa, nikamwuliza Jumanne kama Kinyaturu kinalo. Akaniambia Wanyaturu hawakuhitaji neno hilo kwa sababu hawakosei. Tukaliacha kama lilivyokuja.

Sasa shimo.

Kilikuwa kijiji kimoja mbele ya Sepuka. Nakumbuka mto wa mchanga uliokauka, na akina mama waliokuwa wakichimba humo kwa mabakuli, wakisubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Tulipofika walituangalia, wakaendelea kuchota. Kabla yetu walikuwa wameshaahidiwa mara nyingi.

Wakati huo Jumanne na mimi tulikuwa tunasubiri ajira ya kudumu. Majina yalikuwa mezani kwa mkuu wa mradi upande wetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa watoto wake ni watu wema. Jumanne alikuwa ameoa mwaka uleule, na mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Akikosa kazi ile angerudi kwenye shamba la baba yake lililokuwa limeshagawanywa kwa ndugu sita.

Kazi yangu ilikuwa hii: kila mita moja, hewa inaporusha udongo na vumbi la jiwe juu, nakinga kwa chepe, naosha kiganjani, natazama, naweka kwenye chumba chake ndani ya sanduku la mbao, naandika. Daftari linamwambia fundi mkuu udongo laini umeishia wapi na jiwe zima limeanzia wapi. Hapo ndipo kesing inakaa, lile bomba pana linalozuia udongo usimwagike. Kesing ikikaa juu ya jiwe zima, unachimba chini kwa amani. Ikikaa juu ya kitu kingine, unachimba kaburi la nyundo.

Mita ya kumi na nne ilitoa jiwe gumu la kijivu. Nikaandika. Jua lilikuwa kali, na dada mmoja wa pale kijijini alikuwa amekuja na togwa. Nilikwenda nyuma ya lori kunywa, nikakaa, nikazungumza. Mke wangu anaijua habari hii, nilimwambia mwenyewe. Niliporudi walikuwa wameshafika kumi na nane na wamesimamisha mtambo. Vyumba vinne vya sanduku vilikuwa vitupu. Nilichukua udongo wa mita ya kumi na nne, nikaugawa kwenye vyumba vile vinne, nikaandika jiwe gumu, jiwe gumu, jiwe gumu, jiwe gumu. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Lile jiwe la kijivu lilikuwa limelala peke yake. Chini yake kulikuwa na jiwe bovu, laini kama unga uliolowa, mpaka karibu mita ya kumi na tisa. Bwana Hirano alifuata daftari, akashusha kesing ikaishia kumi na tano. Kesho yake tulichimba na nyundo ndogo. Tulipofika mita arobaini hewa ikakata, mtambo ukatikisika, na kila kitu kikakamata. Ukuta wa chini ya kesing ulikuwa umemwagika wote juu ya nyundo. Tulivuta mchana wote na siku iliyofuata. Tulifanikiwa kufungua mabomba sita ya juu. Mengine saba na nyundo yako palepale mpaka leo, na ilikuwa nyundo pekee ya ukubwa ule tuliyokuwa nayo.

Mkuu wa mradi alikuja Jumatano. Aliuliza swali moja: nani alikuwa ameshika liva? Jumanne akasema ni yeye. Mkuu akasema mwendeshaji anayeachia hewa ikate bila kuvuta bomba hafai kupewa mtambo, na kwamba Ijumaa atarudi na barua. Bwana Hirano aliomba hansei ifanyike kwanza. Mkuu akakubali kama mtu anayekubali chai asiyoitaka.

Kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa sikusema kitu. Andikeni hilo, maana ndilo linaloniuma kuliko udongo wenyewe. Udongo niliugawa kwa dakika mbili bila kufikiri. Kunyamaza nilikufanya kwa siku mbili nikiwa nafikiri. Jumanne alikunja nguo zake, akazifunga ndani ya shuka. Aliniuliza kama nitamwandikia barua kwa mkewe, maana hakutaka afike nyumbani kabla ya habari. Nikamwandikia. Alisema niandike kwamba mtambo umeharibika na kazi imesimama kidogo. Niliandika hivyo kwa mwandiko uleule.

Nilikuwa na hoja zangu. Na mimi nilikuwa nasubiri ajira. Na mimi nilikuwa na mama mgonjwa. Nilijiambia labda kuta zingemwagika hata hivyo. Mtu anayetafuta hoja hakosi.

Ijumaa tulikaa kwenye mabomba. Mlingoti ulikuwa bado umesimama na shimo limefunikwa kipande cha bati. Mkuu alikaa kwenye kiti cha plastiki cha mwenyekiti wa kijiji, bahasha kwenye paja. Akina mama wa pale walikuwa wamekaa mbali kidogo na ndoo zao, wanatazama. Desturi yetu ni aliyeshika liva kuanza. Jumanne akaanza kuinuka. Nilimwona akijifuta mikono kwenye suruali, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Kaa, Jumanne," nikasema. "Naanza mimi."

Nikasema mkono wangu ulifanya nini. Kwamba mita ya kumi na tano mpaka ya kumi na nane sikuzikinga, nilikuwa nyuma ya lori. Kwamba niligawa udongo wa mita moja kwenye vyumba vinne nikaandika nisichokiona. Kwamba nimejua hilo tangu nyundo ilipokamata, na nimemwandikia Jumanne barua ya kwenda kwa mkewe nikiwa nalijua. Nikasema kesho yangu, kama nitakuwa nayo, sitaandika mita ambayo sikuishika.

Mkuu akafungua kalamu. "Kwa hiyo ni wewe."

"Bado, mkuu," Jumanne akasema. "Hatujamaliza."

Alisimama. Hakunitazama.

"Mimi kuanzia kumi na tano bomba lilikuwa linashuka kama liko kwenye uji. Kiganja changu kilijua. Nikaona na Yona huyu hayupo kwenye sanduku. Ningeweza kusimamisha. Nikasema moyoni, si ndiye msomi? Acha daftari limwumbue. Nilinyamaza kwa wivu, na kesho yake nikachimba juu ya kitu ninachokijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Bwana Hirano akavua kofia ya chuma. Alisema kwamba wageni walitakiwa kuja Alhamisi ile kuona maji, na yeye alitaka wayaone. Alisema, "Kila siku natazama sanduku kwa macho. Siku ile nilitazama daftari tu. Nilisema haraka, haraka. Neno haraka lilitoka kwangu." Halafu akainama, sana, kwa muda mrefu, na hakuwa ameinama kwetu. Alikuwa amewageukia wale akina mama wenye ndoo.

Mzee Sospeter akasema na yeye basi, kwa kuwa imefika hapo, alimwona Yona nyuma ya lori, na badala ya kumfukuza akampelekea kikombe cha pili.

Watu wengine walicheka, na hata mimi. Lakini mkuu wa mradi hakucheka. Alishika ile barua akaigeuza. Tangu asubuhi alikuwa na kosa moja na mtu mmoja. Sasa alikuwa na watu wanne, mmoja wao mgeni wa serikali, na makosa yaliyojumlishwa yalikuwa makubwa kuliko shimo. Barua ilikuwa na nafasi ya jina moja. Alisema hiki si kikao cha kuungama, akasema atafikiria, akaondoka na bahasha yake. Hakurudi nayo. Baada ya mvua tuliitwa kutia saini ajira, Jumanne na mimi, siku moja.

Bwana Hirano, ambaye neno lake nilikuwa nimelitafutia jina miezi mingi, siku ile nilimwelewa. Nilidhani hansei ni kila mtu kubeba kosa lake. Kumbe ni zaidi kidogo. Kosa linakuwa kama mzigo uliotupwa katikati ya njia. Ukimsukumia mwenzako, mtashindana mpaka jua lizame. Ukiinama ukashika upande ulio karibu na mkono wako, mwenzako anaona aibu kusimama wima, naye anashika wake. Lakini lazima mtu mmoja aanze kuinama, na anapoinama hajui kama kuna atakayemfuata.

Tulisogea hatua thelathini kutoka kwenye lile bati. Bwana Hirano alibadilisha kazi. Kila mita Jumanne alishuka kwenye liva akausoma udongo kiganjani yeye mwenyewe, na mimi nikaandika alichosema, si nilichodhani. Mita ya kumi na sita aliniambia laini. Mita ya kumi na tisa akasugua vumbi kati ya vidole, akalionja, akasema andika sasa. Kesing ikakaa ishirini na moja. Kwa nyundo ya kuazima tulipata maji mita ya hamsini na mbili, meupe kwanza kama maziwa, kisha safi. Dada wa togwa alikuwepo, hakunipa.

Ndiyo maana kwenye mtambo wetu sanduku lina watu wawili na daftari lina saini mbili. Siku hizi nasikia vijana mnaiita urasimu. Kila saini ya pili mnayoiona imesimama juu ya mabomba saba. Visima tulivyochimba kwa utaratibu huo ni vingi kuliko ninavyoweza kuvikumbuka, kuanzia Mkalama mpaka Itigi. Nikipita kwenye njia nikaona foleni ya ndoo, nashuka nakunywa, hata kama sina kiu. Hayo ni majivuno, na sijilaumu kwayo.

Bwana Hirano alikaa miaka minne. Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi Singida mjini, akafanya hansei yake tukiwa tumesimama kando ya basi: kwamba alitufundisha mtambo kabla hajatuuliza tunajua nini, na kwamba alishindwa kujifunza kula mlenda. Baada yake walikuja wakuu wengine. Mmoja alitaka kikao chetu kiitwe tathmini, akaleta fomu. Tulijaza fomu, halafu tukakaa kwenye mabomba. Mwingine, msomi mzuri tu, aliniambia Kiswahili chake ni kujitafakari. Labda. Lakini mtu anaweza kujitafakari akiwa amelala kitandani mlango umefungwa. Hansei ina wenzako wamekaa, mlingoti umesimama, na shimo liko palepale linakusikiliza.

Jumanne na mimi hatukuzungumza tena habari ya Ijumaa ile. Tulifanya kazi bega kwa bega miaka karibu thelathini, tukataniana kila asubuhi, tukazikiana wazazi, na hatukuigusa. Yeye alistaafu kabla yangu. Mwaka jana kifua kilimbana. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilikuwa na kazi Manyoni, halafu nikawa na nyingine, na wakati wa kupalilia simu ya msiba ikaja. Nilipaswa kwenda mara nyingi. Mkono wangu ulishika spana siku ambazo ulipaswa kushika mkono wake, na kwa hilo sina kesho ya kusema.

Siku ya arobaini nilikuwepo Sepuka. Baada ya dua na chakula, familia iliniomba mimi, mfanyakazi mwenzake, niseme maneno machache. Watu waliotangulia walikuwa wamesema mema, na yote yalikuwa kweli. Mimi si msemaji. Nikajikuta nasimulia lile shimo. Niliwaambia kwamba marehemu alikunja nguo zake kwa sababu ya udongo nilioweka mimi, na kwamba nilimwacha siku mbili akijua anafukuzwa. Watu wakaanza kunong'ona. Mjomba mmoja wa marehemu akanivuta koti, akaniambia kwa upole kwamba hapa si mahali pake, tumekuja kumwombea. Nilikaa. Nilijua nimewaharibia shughuli.

Wakati naaga, mtoto wake wa kwanza, Zuhura, yule aliyekuwa tumboni mwaka ule, alinisindikiza mpaka barabarani. Ni mwalimu sasa. Alinishika mkono, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Baba mdogo, lile shimo tunalijua," akasema. "Baba alitusimulia tangu tukiwa wadogo. Kila tukigombana nani kavunja nini, alitusimulia."

Nikamwuliza aliwaambiaje.

"Alisema alichimba mahali alipojua ni pabovu, kwa sababu ya wivu, akapoteza nyundo ya watu. Alisema shimo lile aliliharibu yeye."

Nikamwambia hapana, mwanangu. Nikamwambia baba yako alikuwa na sehemu ndogo tu pale, ndogo sana, kubwa ilikuwa yangu.

Zuhura akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na yeye alisema hivyohivyo kuhusu yako, kwamba ilikuwa ndogo sana."